Kabla ya kupulizia michungwa, tazameni mayai

Ndugu Mhariri,

Juma lililopita ukurasa wenu wa kilimo ulitushauri tupulizie dawa mara tu tuonapo kiwavi kwenye mchungwa. Mimi nilifanya hivyo kwa miaka 11, bomba mgongoni, na kila michungwa ilipochipua viwavi walikuwapo. Kilichonifanya nilitundike bomba ni chupa ya mjukuu wangu.

Aliokota pupa mbili, yaani maganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, za yule kipepeo wa michungwa, ambaye viwavi wake wakiwa wachanga utadhani ni mavi ya ndege, na wakikua huwa kijani na kutoa pembe mbili laini zenye harufu kali ukiwachokoza. Akazitia kwenye chupa, akafunga mdomo kwa kitambaa, akangoja. Ya kwanza ilitoa kipepeo. Ya pili ikageuka kahawia, ukiigusa haijitikisi. Nikamwambia aitupe. Hakunisikia, na asubuhi moja akaja mbio: "Babu, chupa imejaa mbu!"

Hawakuwa mbu. Walikuwa nyigu, wadogo hata milimita 3 hawafiki. Nilihesabu hadi 60 nikachoka. Wote walikuwa wametoka ndani ya pupa ile moja.

Najua mtu akisikia nyigu hutafuta fagio. Hawa hawana habari na ngozi yako. Jike hutafuta pupa mpya ambayo ganda lake bado laini, akataga ndani, na mabuu wake huila kuanzia ndani mpaka libaki ganda tupu.

Wako wadogo zaidi, wataalamu huwaita Trichogramma, hata milimita 1 hawatimizi. Hao hawangoji kiwavi azaliwe. Hutaga ndani ya yai lenyewe la kipepeo. Yai hilo mtalikuta juu ya chipukizi, moja moja, la mviringo, manjano hafifu. Likiingiliwa na nyigu huwa jeusi. Ila msiamini rangi pekee, maana hata yai zima huingia weusi linapokaribia kuanguliwa. Tazameni ganda: kiwavi akitoka kwa kawaida hulila, lakini nyigu huliacha na kitundu cha duara. Lenzi ya kukuzia yatosha. Mimi nilianza na miwani ya kusomea.

Na yule kiwavi mchimba majani, anayechora njia za fedha kwenye majani machanga? Alipoingia Florida, Marekani, mwaka 1993, mwaka uliofuata waliagiza nyigu aitwaye Ageniaspis citricola. Yai moja la nyigu huyo hujigawa ndani ya kiwavi, wakatoka nyigu kadhaa. Sasa fikirini dawa yetu: kiwavi huyo amejifunika kwa ngozi ya jani, nyigu anatembea juu yake. Nani hufa kwanza?

Sisemi tukae mikono mifukoni. Kwenye kitalu viwavi wachache tu humvua mche majani yote, na hapo nawaokota kwa mkono kila asubuhi. Mti mkubwa nauacha, kwani hausumbuliwi na majani machache kuliwa. Mayai na pupa ninazookota sizipondi tena. Naziweka kwenye ndoo iliyofunikwa kwa wavu wenye matundu ambayo nyigu anapita na kipepeo hapiti, kisha naitundika katikati ya miti. Magugu yenye maua kando ya shamba nayo siyafyeki yote, maana nyigu waliokomaa hunywa utamu wake.

Basi naomba ukurasa wenu uchapishe picha mbili kubwa, ya yai zima na ya ganda lenye kitundu, ili mkulima ajue anachotazama kabla hajajaza bomba. Mkikosa ganda, kwangu yapo. Mjukuu ana chupa nne sasa, na moja nimekatazwa kuisogeza.

Mkulima wa michungwa