Nikisema ni kipandauso, wananicheka

Mpendwa Daktari,

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, mama wa watoto watatu. Ninakuandikia kuhusu binti yangu mkubwa, miaka 15, aliyemaliza kidato cha pili juzi.

Mwezi wa tatu nilipigiwa simu kutoka shuleni: "Mama, njoo umchukue mtoto, amepandisha." Nilimkuta chini ya mwembe, wenzake wamemzunguka, mmoja anamsomea dua. Akanitazama, akaniita kwa jina la mwalimu wake wa hesabu. Nikamuuliza yeye ni nani, akajibu, "Kiti." Alikuwa anaongea mfululizo, Kiswahili chenyewe safi, ila neno halishikani na mwenziwe. Matroni alipomshika mkono, binti akamzaba kofi. Jioni alitapika, akalala kama gogo mpaka alfajiri. Alipoamka aliomba chai, akauliza mbona hayuko shuleni. Hakumbuki chochote.

Mwezi wa tano ikajirudia. Hospitali wakapima malaria, wakapima sukari, hakuna kitu, tukaelekezwa kliniki ya afya ya akili. Daktari alimuuliza kama huwa anaona vitu ambavyo wengine hawavioni. Mtoto, kwa ukweli wake, akasema ndiyo: kabla hajapotea huona mstari unaomeremeta, wenye meno kama msumeno, unatanuka taratibu pembeni mwa jicho. Kikaandikwa hicho hicho, nikiona. Tukatoka na haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili. Tangu hapo mikono inatetemeka, shingo inakakamaa, darasani anasinzia. Na mwezi wa nane, dawa anameza kila siku, likampata tena.

Aliyetufungua macho ni mama yangu, alipokuja kumwona mjukuu. Alimuuliza swali ambalo sote hatukuwahi kumuuliza: "Kichwa kinakuuma upande gani?" Wa kulia, nyuma ya jicho, kila mara baada ya ule mstari. Sisi tulikuwa tunamkuta ameshavuka hapo, hawezi tena kusema kinachomuuma. Mama mwenyewe ana kipandauso tangu usichana. Utotoni tulimzoea akijifungia chumba cha giza, kanga imekazwa kipajini, na kuna siku alikaa karibu nusu saa akilitafuta neno "maji" asilipate. Tulidhani ni hasira zake tu.

Nikampeleka mtoto kwa daktari mwingine. Alisikiliza mpaka mwisho (mgonjwa wa nyuma yetu aligonga mlango mara mbili) akasema ipo aina ya kipandauso, zaidi kwa watoto na vijana, inayovuruga akili kwa saa kadhaa, kisha usingizi unaisafisha. Lakini hawezi kuapa kabla ya kuondoa shaka ya kifafa, hivyo anataka kipimo cha umeme wa ubongo na picha ya kichwa. Akanipa kazi ya daftari. Kurudisha nyuma nimeona mara mbili kati ya tatu ilikuwa siku moja kabla ya hedhi, na zote tatu ni wiki za mitihani, amekesha, ameondoka bila kunywa chai.

Sasa niko njia panda. Daktari wa kwanza anasema dawa isiruke hata siku. Wa pili anasema nisiikatishe mwenyewe, nirudi kwa wa kwanza aipunguze polepole. Nitarudije bila kuonekana nimekuja kumsahihisha? Shangazi yake, dada wa mume wangu, ameshapanga ngoma ya kupunga pepo, na mume wangu hasemi ndiyo wala hapana. Shule nayo inataka barua kwamba mtoto ana akili timamu kabla hawajafungua mwezi wa kwanza. Nilipomtajia mwalimu kipandauso, alicheka: "Hata mimi ninacho, mama, nameza Panadol naingia darasani." Jina la kwanza, ugonjwa wa akili, zito, likishampata mtu halimbanduki. Hili la pili, kipandauso, jepesi, hakuna anayeliamini.

Naomba unieleze: kipimo hicho cha umeme, akipimwa akiwa mzima kitaonyesha kitu, au mpaka awe amechanganyikiwa? Na nimwombe daktari aandike nini ili shule imwelewe na ijue la kufanya likimtokea tena?

La mwisho ni dogo. Mtoto ananiuliza kila siku, "Mama, siku ile nilifanya nini?" Kwamba alimzaba matroni kofi sijamwambia. Nimwambie?

Mama wa binti, Tanga