Msimwage supu ya bowa

Bwana Mhariri,

Mzee akianza kuchanganya majina ya wajukuu, watoto wake hukimbilia kumtafutia vidonge. Tunaomba kabla ya hapo waangalie sufuria, hasa miezi hii ya mvua ambapo bowa, yaani uyoga, zimepangwa kando ya barabara ya Likasi na ya Kasumbalesa.

Ndani ya uyoga kuna kitu kinachoitwa egothionini. Mwili wa mtu hauwezi kukitengeneza. Hutengenezwa na uyoga na bakteria fulani, nasi hukipata kwa kula tu. Mkemia Mfaransa, Charles Tanret, alikitambua mwaka 1909, lakini wataalamu walianza kukitazama kwa makini baada ya 2005, ilipogunduliwa kwamba mwili una mlango maalumu wa kukipitisha, protini inayoitwa OCTN1. Mlango huo upo kwenye utumbo, upo pia kwenye figo, ambako hukizuia kisitoke na mkojo. Kwa kitu cha bure bure mwili usingejisumbua hivyo. Egothionini hufika hadi kwenye ubongo na kupunguza makali ya kemikali zinazochoma sinapsi, yaani maungio ambapo neva moja huipa nyingine habari. Maungio hayo huanza kulegea mapema, seli zenyewe zikiwa bado hai, ndiyo maana usahaulifu hutangulia ugonjwa wenyewe wa ubongo.

Singapore, watafiti waliwachunguza watu 663 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, wakatoa matokeo mwaka 2019. Waliokula uyoga zaidi ya mara mbili kwa juma, kila mara kiasi cha gramu 150 za uyoga uliopikwa (robo tatu ya kikombe hivi), uwezekano wao wa kuwa na akili iliyoanza kudhoofika ulikuwa karibu nusu ya ule wa waliokula chini ya mara moja. Hesabu ya namna hiyo haithibitishi kwamba uyoga ndio uliowalinda. Inatosha lakini kumfanya mtu asiudharau.

Sasa jikoni. Moto hauiharibu egothionini kwa urahisi. Maji ndiyo huichukua, kwa kuwa huyeyuka humo. Mama anayechemsha bowa, akamwaga maji, kisha akakaanga, amemwaga sehemu ya kile alichokinunua. Osha haraka bila kuloweka, pika kwa maji machache, tia karanga zilizotwangwa, na mchuzi wote uliwe na bukari (ugali). Ila kuna aina chungu za porini ambazo wazee wetu huzichemsha na kumwaga maji ya kwanza. Hizo endeleeni kuzimwagia maji. Desturi ile ina sababu yake.

Kiangazi bowa hakuna, kwa hiyo zikaushwe sasa. Kata vipande vya unene wa nusu sentimeta, tandaza juu ya kichanja kilichoinuka, si chini kando ya barabara penye vumbi. Jua la masika hukatizwa na mvua. Malizia karibu na mbabula yenye makaa yasiyotoa moshi. Kilo moja mbichi hubaki gramu 100 hivi. Kipande kikavu huvunjika kwa mlio. Kikipinda tu, bado kina maji, na ukikifungia hivyo kwenye chupa kitaota ukungu. Siku ya kupika, loweka dakika 30 katika maji ya vuguvugu, chuja maji kwa kitambaa mchanga ubaki, upikie hayo hayo.

Jambo ambalo mjini kwetu halisemwi vya kutosha ni mahali bowa zinapookotwa. Uyoga hunyonya kadimiamu, metali yenye sumu, na metali nyingine zilizo udongoni. Ardhi iliyo upande ambao upepo umekuwa ukipeleka moshi wa bomba kubwa la kiwanda cha kuyeyushia shaba, na iliyo karibu na vilima vya taka za migodi, si mahali pa kuokota chakula cha mzee, kwa sababu kadimiamu hukaa kwenye figo miaka mingi. Muulize muuzaji zimetoka wapi. Asipojua, nenda kwa mwingine.

Wala asikudanganye mtu kwamba kijiko cha fedha au kitunguu hubadilika rangi penye sumu. Sumu mbaya kuliko zote, ile ya baadhi ya uyoga wa jamii ya amanita, haiondoki kwa kuchemshwa wala kukaushwa. Mtu hula jioni akalala vizuri, kutapika na kuhara kukaanza saa 6 hadi 24 baadaye. Kisha hupata nafuu ya siku moja hivi, wakati ini linaendelea kuharibika. Aliyetapika kwa kuchelewa namna hiyo apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama amepata nafuu, na mabaki ya bowa yapelekwe pamoja naye.

Wasomaji wenu, wafundishaji wa lishe
Lubumbashi