Kutoka Lagos hadi Rabat: Risala ya Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi Siku ya Fainali ya Ligi ya Madarasa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi, walezi na wazee wa kijiji,
Wanafunzi wenzetu,

Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakukaribisha kwa furaha kubwa katika fainali ya ligi ya madarasa. Tunajua una majukumu mengi, na kuja kwako kukaa nasi kwenye jua hili kumetutia moyo sana.

Pengine umeshangaa kusikia mtangazaji wetu akizitaja Lagos na Rabat kama timu zitakazoingia uwanjani leo. Miaka iliyopita timu zetu zilijiita Simba, Yanga, Azam, na wengine walijiita kwa majina ya klabu za Ulaya. Mwaka huu klabu ya michezo iliamua kila kidato kichukue jina la mji ambako timu ya taifa imewahi kucheza fainali za mashindano ya Afrika. Kidato cha Kwanza wakachukua Lagos, cha Pili Abidjan, cha Tatu Kairo, cha Nne Rabat. Wasichana wanashindania Kombe la Goa, na sababu yake utaisikia. Sharti lilikuwa kwamba kabla ya kupewa jezi, kila timu itafute habari za mji wake na kuzisoma mstarini mbele ya shule nzima. Risala hii imetokana na kazi hiyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuanze na Lagos, maana ndiko tulikoanzia. Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) kwa mara ya kwanza mwaka 1980 nchini Nigeria. Lakini wazee wetu hapa kijijini, ukiwauliza habari za Lagos, wanakujibu kwa habari za Ndola. Mwaka 1979 tulikuwa tunagombea nafasi hiyo na Zambia. Dar es Salaam tulishinda 1-0. Marudiano yakawa Ndola, na huko Zambia wakapata bao. Mzee mmoja aliyepo hapa leo alituhadithia kwamba siku hiyo watu walijazana nje ya duka la ushirika kusikiliza redio. Betri zilikuwa zimechoka, ikabidi mwenye redio azianike juani tangu asubuhi ili ziweze kufika dakika ya tisini. Sauti ilikuwa inakuja na kupotea. Peter Tino aliposawazisha, nusu ya watu hawakusikia jina la mfungaji. Walichosikia ni mtangazaji kupiga kelele, nao wakapiga kelele. Mpira ukaisha 1-1, Tanzania ikafuzu.

Ikumbukwe kwamba mwaka huo huo nchi ilikuwa imetoka katika Vita vya Kagera. Sukari ilikuwa shida, nguo shida, mafuta shida. Vijana wale hawakuwa na mishahara ya mpira kama ya leo. Tunawataja hapa baadhi yao kwa heshima, kwa sababu tuligundua kwamba wanafunzi wengi walikuwa hawajawahi kuyasikia majina haya: makipa Athumani Mambosasa na Juma Pondamali, mabeki Leopold Tasso Mukebezi, Mohamed Kajole, Jella Mtagwa na Leodegar Tenga, ambaye baadaye aliliongoza Shirikisho la Soka Tanzania, na mbele yao kina Hussein Ngulungu, Juma Mkambi, Thuwein Ally na Peter Tino. Kocha alikuwa Slawomir Wolk kutoka Poland, akisaidiwa na Joel Bendera.

Kule Lagos mechi ya kwanza walikutana na wenyeji Nigeria na kufungwa 3-1. Juma Mkambi ndiye aliyefunga bao letu, na hilo likawa bao la kwanza la Tanzania katika fainali hizo. Halafu wakafungwa na Misri 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Mabao yetu yote mawili ya mechi hizo ni ya Thuwein Ally. Nigeria waliotufungulia dimba ndio waliotwaa kombe mwaka ule. Sisi tunasema timu hiyo haikuaibisha mtu. Ilifunga bao katika kila mechi, jambo ambalo Stars ya 2019 na ile ya 2024 hazikulifanya.

Baada ya hapo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ikaja miaka 39.

Miaka 39 bila kurudi Kombe la Mataifa ya Afrika. Katikati yake tulipata furaha za ukanda wetu: kombe la CECAFA, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, tulilolichukua nyumbani mwaka 1974 tulilirudia mwaka 1994 jijini Nairobi, kisha mwaka 2010 Dar es Salaam. Ndugu zetu wa Zanzibar nao walilichukua mwaka 1995. Ila kila kampeni ya kufuzu AFCON iliishia njiani. Kidato cha Nne walituuliza swali zuri siku ile ya kusoma mstarini: hivi kwa miaka yote hiyo nchi ilikuwa haina vijana wenye vipaji?

Jibu letu ni kwamba vipaji vilikuwepo, ila palipokosekana ni pa kuvilelea. Hali ya uchumi ya miaka ya themanini ilichangia, hatukatai. Lakini jambo linalotuuma zaidi sisi wanafunzi ni kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule, yaani UMITASHUMTA na UMISSETA, ilisimamishwa kwa miaka kadhaa. Mtoto aliyekuwa darasa la tano wakati huo alikua bila kuonekana na mtu yeyote. Ni wangapi hao, na wangekuwa nani leo? Michezo ilirudishwa, na tunaishukuru Serikali kwa hilo, lakini umri wa wale watoto haukurudi.

Abidjan tutaipitia haraka. Mwaka 2009, chini ya kocha Marcio Maximo kutoka Brazil, Stars ilicheza fainali za kwanza kabisa za CHAN, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani. Tukafungwa na Senegal 1-0, tukawafunga wenyeji Ivory Coast 1-0 kwa bao la Mrisho Ngassa, kisha sare ya 1-1 na Zambia ikatutoa. Tungeshinda mechi hiyo ya mwisho tungeingia nusu fainali. Tulirudi CHAN nchini Cameroon Januari 2021 tukiwa na kocha Etienne Ndayiragije wa Burundi: tukafungwa na Zambia, tukawafunga Namibia, tukatoka sare na Guinea, tukarudi nyumbani.

Kairo ndiyo inayoumiza. Tarehe 24 Machi 2019 Uwanja wa Taifa ulijaa, Uganda wakafungwa 3-0 kwa mabao ya Simon Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris, na ile laana ya miaka 39 ikavunjika. Wengi wetu tulioko hapa tulikuwa shule ya msingi. Kule Misri, chini ya kocha Emmanuel Amunike, tulifungwa na Senegal 2-0, halafu tarehe 27 Juni tukakutana na majirani zetu wa Kenya.

Mechi hiyo Kidato cha Tatu waliitafuta na kuitazama upya yote, dakika kwa dakika. Msuva anafunga dakika ya sita. Michael Olunga anasawazisha dakika ya 39. Hata dakika mbili hazijapita, nahodha Mbwana Samatta anafunga la pili. Tunakwenda mapumziko tukiongoza 2-1. Kipindi cha pili Johanna Omolo anasawazisha kwa kichwa dakika ya 62, na dakika ya 80 Olunga anamaliza kazi. Tumeongoza mara mbili, tumepoteza 3-2. Walichokiona wenzetu ni kwamba baada ya mapumziko miguu ya vijana wetu ilikuwa mizito, na kila mpira wa kona uliingia kwenye boksi letu ukiwa hatari. Wakasema, na sisi tunakubaliana nao, kwamba pumzi na kucheza mipira ya juu ni mambo ambayo mtu hufundishwa akiwa na miaka kumi na minne. Ukingoja afike timu ya taifa umechelewa. Mechi ya mwisho tulifungwa 3-0 na Algeria, waliokwenda kuwa mabingwa.

Ivory Coast tulirudi Januari 2024, baada ya sare ya 0-0 tuliyoipigania Annaba, nyumbani kwa Algeria. Morocco walitufunga 3-0, kocha Adel Amrouche akafungiwa, na Hemed Suleiman akaikamata timu katikati ya mashindano. Naye akaituliza. Sare ya 1-1 na Zambia, ambao walisawazisha dakika ya 88, kisha 0-0 na DR Congo.

Hemed Suleiman huyo huyo ndiye aliyetuongoza Agosti 2025, tulipokuwa wenyeji wa CHAN pamoja na Kenya na Uganda. Hapo tuliona Stars ambayo hatukuwahi kuiona: Burkina Faso 2-0, Mauritania 1-0 kwa bao la Shomari Kapombe dakika za mwisho, Madagascar 2-1 kwa mabao mawili ya Clement Mzize, sare na Jamhuri ya Afrika ya Kati, pointi kumi, kileleni mwa kundi. Robo fainali tukatolewa na Morocco 1-0, nao wakawa mabingwa.

Na Rabat, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Kidato cha Nne wanajivunia mji wao na wana haki. Katika AFCON iliyochezwa Morocco tangu Desemba 2025, chini ya kocha Miguel Gamondi, tulianza kwa kufungwa na Nigeria 2-1, tukatoka sare 1-1 na Uganda, na sare 1-1 na Tunisia kwa bao la Feisal Salum. Tukavuka kwa mara ya kwanza hatua ya makundi, tukiwa miongoni mwa timu bora zilizoshika nafasi ya tatu. Tarehe 4 Januari 2026 tukakutana na wenyeji Morocco mbele ya mashabiki wao, tukafungwa bao moja tu, la Brahim Díaz.

Hata hivyo tumehesabu, na hesabu tunaisema wazi. Katika fainali nne za AFCON Tanzania imecheza mechi 13: sare tano, vipigo vinane, ushindi hakuna. Ushindi wa kwanza bado tunaudai.

Sasa Goa. Oktoba 2022, wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walikuwa timu ya kwanza ya soka ya Tanzania kucheza Kombe la Dunia, kule India. Mechi ya kwanza Japan waliwafunga 4-0. Watu wengi walidhani mambo yameishia hapo. Siku tatu baadaye, palepale Goa, wakawafunga Ufaransa 2-1. Tunarudia kwa faida ya waliokaa nyuma: Ufaransa, 2-1. Wakatoka sare 1-1 na Canada, wakaingia robo fainali ya Kombe la Dunia, wakatolewa na Colombia. Walikuwa wanafunzi, umri wao ni umri wetu. Kocha wao Bakari Shime alikaa nao kambini, akawalea kama timu kwa muda mrefu, na matunda yakaonekana. Dada zao wa Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, walikuwa wameshafika fainali za Afrika tangu 2010, na wakarudi tena mwaka 2025. Ndiyo maana kombe la wasichana hapa shuleni lina jina la Goa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwakani, 2027, AFCON inakuja kwetu, Kenya na Uganda. Viwanja vikubwa vinajengwa na tunafurahi. Ombi letu linahusu uwanja huu mdogo unaouona mbele yako. Unateremka kuelekea goli la kaskazini, na wakati wa masika kona ile ya kushoto hugeuka dimbwi, hivyo tangu Machi hadi Mei hatuchezi. Tunaomba utusaidie kupata greda la kuusawazisha. Wazazi wamekubali kutoa nguvu kazi ya mitaro na nyasi.

Wasichana wetu wanacheza kwa zamu kwa sababu viatu havitoshi. Leo utamwona mchezaji anayetoka akivua viatu na kumpa anayeingia. Tunaomba jozi 22 na mipira kumi. Tunaomba pia mwalimu wetu wa michezo, anayetufundisha baada ya vipindi vyake vya hesabu, apatiwe nafasi katika kozi ya ukocha. Na kwa unyenyekevu tunaomba Ofisi ya Elimu isisitize vipindi vya michezo vibaki kwenye ratiba hata kwa madarasa ya mtihani, kwa sababu Kidato cha Nne mwaka huu walilazimika kufanya mazoezi saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya usafi.

La mwisho. Wachezaji bora wawili wa leo, msichana na mvulana, hatujawaandalia zawadi bado. Tunakuomba, mechi za 2027 zikianza, uwapeleke uwanjani wakaione Taifa Stars kwa macho yao, pamoja na mzee wetu wa redio kama afya itamruhusu.

Timu ziko tayari, mwamuzi anakusubiri ukague vikosi.

Tunaomba kuwasilisha.