Orodha ya maspika isimruke Chifu Mang'enya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nisahihishe jambo lililomo katika makala mliyoichapa hivi karibuni kuhusu maspika wa Bunge letu. Mwandishi wenu alianza na Chifu Adam Sapi Mkwawa, akaandika kwamba alikikalia kiti mfululizo tangu 1962 hadi 1994, kisha akaingia moja kwa moja kwa Pius Msekwa. Huenda msomaji wa Dar es Salaam au Dodoma asione tatizo lolote hapo. Sisi wa Muheza tuliliona mara moja, kwa sababu kati ya 1973 na 1975 Spika wa Bunge la Tanzania alikuwa Chifu Erasto Mang'enya, Mbondei wa huku kwetu, na ni baada yake ndipo Mkwawa aliporejea kitini.

Miaka miwili si mingi mbele ya takriban thelathini ya mwenzake, wala sidai kwamba Mang'enya aliacha alama kubwa zaidi. Hata hivyo, hapa Muheza ipo shule ya sekondari yenye jina lake, na majuzi stendi niliwasikia vijana wawili wakibishana huyo Mang'enya alikuwa nani: mmoja alishikilia kwamba ni mtu aliyetoa kiwanja cha shule, mwingine akasema ni chifu aliyewekwa na Wajerumani. Aliyewakata kauli ni mama mmoja muuza machungwa, aliyewaambia bila kuinua macho kutoka kwenye ndoo yake kwamba mzee huyo alikuwa Spika, na kwamba mawaziri walikuwa wakimwinamia. Vijana walicheka, wakidhani anatania. Nao hawana kosa, kwani wangelijuaje ikiwa hata magazeti yanamruka?

Kumruka Mang'enya kunaficha jambo ambalo kwangu mimi ndilo lenye maana zaidi katika historia ya kiti hicho. Mkwawa alichaguliwa kuwa Spika Novemba 1962, na mwaka 1963 Serikali ya Mwalimu Nyerere ikafuta mamlaka ya machifu nchini kote. Kwa hiyo nchi iliyouondoa uchifu katika utawala wake iliendelea kumweka chifu mbele ya Bunge lake, na chifu huyo alipoondoka kitini mwaka 1973, aliyekabidhiwa alikuwa chifu mwingine. Haiwezekani kuyaona hayo katika orodha inayomtaja Mkwawa peke yake, kwa maana mtu mmoja anaweza kuwa bahati tu, ilhali wawili waliopokezana wanaonyesha kwamba wakubwa wa wakati ule walikuwa na sababu.

Sababu hiyo, kwa maoni yangu, ni kwamba kiti kilihitaji mtu ambaye heshima yake haikutokana na cheo alichopewa na chama. Mkwawa alikuwa mjukuu wa Mkwawa wa Uhehe, yule mtawala aliyepigana na Wajerumani, na ndiye aliyepokea fuvu la babu yake, lililokuwa limepelekwa Ujerumani, kutoka kwa Gavana Twining pale Kalenga mwaka 1954. Hakuna waziri ambaye angeweza kumtisha mtu wa namna hiyo kwa kumkumbusha nani alimteua. Mang'enya alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanasiasa, na aliiwakilisha Tanganyika katika Umoja wa Mataifa. Tangu 1965 Bunge lilikuwa la chama kimoja, wala hapakuwa na kambi ya upinzani ya kumkumbusha Spika wajibu wake, hivyo hadhi ya mtu mwenyewe ndiyo iliyobaki kukipa kiti uzito. Sitaki kuipamba enzi hiyo kupita kiasi. Mwaka 1968 wabunge kadhaa walivuliwa uanachama wa TANU, chama pekee cha wakati huo Tanzania Bara, na viti vyao vikaenda na kadi zao, na hadhi ya Spika haikuwaokoa.

Makala yenu ilianzia 1962, na hilo pia naliona ni pungufu, ingawa ninaweza kulisamehe. Baraza la Kutunga Sheria lilipokaa kwa mara ya kwanza Desemba 1926, aliyeliongoza ni Gavana mwenyewe, Donald Cameron, yaani aliyewateua wajumbe ndiye huyo huyo aliyewapa ruhusa ya kusema. Mwafrika hakuingia humo hadi 1945, na walioingia, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali, nao walikuwa machifu. Gavana alikiachia kiti mwaka 1953, alipoteuliwa Spika wa kwanza, Brigedia Scupham. Siku ya uhuru, 9 Desemba 1961, Spika alikuwa Abdulkarim Karimjee, wa familia iliyokuwa na mashamba ya mkonge katika mkoa wetu, na ambayo jina lake limebaki katika ukumbi wa Dar es Salaam ambamo Bunge lilifanya vikao vyake vya awali.

Tangu 1994 njia ya kufika kitini imekuwa nyingine kabisa, na ajabu ni kwamba haizungumzwi. Msekwa, Anne Makinda, Job Ndugai, Tulia Ackson na sasa Mussa Azzan Zungu, aliyechaguliwa Novemba 2025, wote walikuwa manaibu spika kwanza. Samuel Sitta peke yake ndiye hakupitia ngazi hiyo, na ni chini ya Sitta ambapo mwaka 2008 Bunge lilipokea ripoti ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Ningependa kusema kwamba mambo hayo mawili yanahusiana, ila haki inanilazimisha kukumbuka kwamba sakata la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow la mwaka 2014 lilijadiliwa chini ya Makinda, aliyekuwa naibu kabla ya kuwa Spika, na baada ya mjadala huo Mwanasheria Mkuu na mawaziri wawili waliziacha nafasi zao. Unaibu, basi, haumnyimi mtu uthubutu. Tofauti ninayoiona ni kwamba Spika wa leo ameulea ukubwa wake ndani ya Bunge na chama, na upepo ukigeuka hana kwingine pa kuegemea, kama tulivyoshuhudia Januari 2022, Ndugai alipojiuzulu kufuatia matamshi yake kuhusu mikopo ya Serikali. Katiba, ibara ya 84, inawaruhusu wabunge kumchagua Spika hata nje ya Bunge, mradi awe na sifa za kuwa mbunge, na nafasi hiyo haijawahi kujadiliwa kwa uzito unaostahili, pengine kwa sababu tumesahau kwamba zamani kiti kilitafutiwa watu wa aina nyingine.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, gazeti lichape orodha iliyosahihishwa, Mkwawa akitajwa kwa vipindi viwili, 1962 hadi 1973 na 1975 hadi 1994, na Mang'enya katikati. La pili, mtume mwandishi apekue Taarifa Rasmi za Bunge za miaka ile miwili, aone Spika huyo aliamuaje pale wabunge na mawaziri walipovutana, kisha aje Muheza awasikilize wazee waliomfahamu. Akifika stendi aulize wauza machungwa, ataelekezwa.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga