Uzuri si mamlaka ya mwanamke

Mhariri,

Naomba nafasi nipinge kauli inayozuka kila mjadala wa jinsia unapoanza: kwamba wanawake hawana sababu ya kudai madaraka kwa kuwa uzuri wao tayari ni silaha. Wanaosema hivyo hawajajiuliza silaha hiyo ameishika nani.

Huko Marekani, mwaka 1982, Ann Hopkins alikuwa mwanamke pekee kati ya watu 88 waliopendekezwa kuwa wabia wa kampuni ya uhasibu ya Price Waterhouse. Alikuwa ameiletea kampuni hiyo kandarasi ya mamilioni ya dola. Hakupewa ubia. Akashauriwa atembee kike, aongee kike, ajipodoe, atengeneze nywele na avae vito. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1989 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba kumpima mfanyakazi kwa fikra za namna hiyo ni ubaguzi wa kijinsia. Mwaka uliofuata mahakama ikaamuru apewe ubia wake.

Nchi hiyo hiyo, jimbo la Iowa, daktari wa meno alimfukuza msaidizi wake wa zaidi ya miaka 10. Hakuwa mzembe wala mwizi. Bosi alimwona anavutia mno, na mke wa bosi akahofia ndoa yake. Mwaka 2013 majaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo, wote saba wanaume, walisema sheria ya ubaguzi wa kijinsia haikuvunjwa. Basi mmoja aliadhibiwa kwa urembo kupungua, mwingine kwa urembo kuzidi, na uamuzi haukuwa wao.

Nimewahi kukaa kwenye jopo la usaili wa nafasi ya meneja wa fedha. Kwenye fomu ya alama, mwenzangu aliandika "anapendeza" mbele ya jina la msailiwa wa kike. Kwa mwanamume, ambaye naye alikuja amependeza kweli, aliandika "anajiamini". Kujiamini kukahesabiwa kuwa sifa ya uongozi. Kupendeza kukazua kicheko, kisha mtu akauliza kama huyu dada asingefaa zaidi mapokezi. Watafiti Heilman na Saruwatari walilionyesha jambo hili tangu mwaka 1979: sura nzuri ilimsaidia mwanamume kwa nafasi yoyote, ila mwanamke ilimsaidia kwa kazi ya ukarani tu. Akiomba umeneja, ilimrudisha nyuma.

Wanaume nao huumia. Wachumi Hamermesh na Biddle walionyesha mwaka 1994 kwamba wanaohesabiwa hawana sura hulipwa pungufu, wake kwa waume. Lakini sijaona mwanamume akishukiwa kwamba amepanda cheo kwa sababu ya uso wake. Mwanamke mrembo huulizwa hilo maisha yake yote ya kazi, hata akiwa na shahada tatu.

Waajiri waondoe sharti la "mwonekano wa kuvutia" kwenye matangazo ya kazi. Wasidai picha. Wasaili nao waandike sifa wanazozitafuta kabla mwombaji hajaingia mlangoni, wasije wakazitunga baada ya kumwona.

Nawe mhariri, una sehemu yako. Waziri wa kike akisoma bajeti, tuandikie fedha alizoongeza na alizokata, na nani ataumia. Habari ya gauni lake hatuihitaji.

Msomaji wako