Risala ya Klabu ya Biolojia ya Bahari kwa Mgeni Rasmi: Uzee na Vipokezi vya Neva

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wageni waalikwa, wanafunzi wenzetu,

Karibu sana. Risala yetu inamhusu Aplysia californica, konokono wa bahari anayeishi takribani mwaka 1. Ana seli za neva zipatazo 20,000, baadhi kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho matupu. Ndiye aliyetumiwa na Eric Kandel katika utafiti wa kumbukumbu uliompa Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Akizeeka, ukimgusa mkia huukunja polepole, na ukimlaza chali hukawia kujigeuza. Katika seli za hisia za eneo la mdomo, mkondo wa umeme unaoamshwa na D-aspateti, kemikali inayofanana na glutameti (kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli za neva), hupungua kwa konokono wazee.

Ndugu Mgeni Rasmi, kupima upungufu huo kuna mitego mingi. Mnyama hulegezwa kwanza kwa sindano ya kloridi ya magnesi. Magnesi isiposuuzwa vizuri huziba njia za ioni, yaani vitundu vya utando wa seli vinavyopitisha chembe zenye chaji ya umeme, na mnyama kijana huonekana mzee. D-aspateti ikimwagwa tena upesi, vipokezi, yaani molekuli za utando wa seli zinazoipokea, huwa bado vimechoka na jibu hushuka. Lazima viachwe vipumzike. Kimeng'enya cha kulainisha ala (ganda) ya fundo la neva, yaani kikundi cha seli za neva, nacho, kikizidi muda, huharibu vipokezi vyenyewe.

Mtego mkubwa zaidi ni ukubwa wa seli. Seli ya mzee ina utando mpana, hivyo mkondo wake ugawanywe kwa kapasitansi ya utando (uwezo wake wa kuhifadhi chaji ya umeme, unaoongezeka kadiri utando unavyokuwa mpana) kabla ya kulinganishwa. Wala uzito wa mwili si umri: mnyama aliyekula sana hukua haraka. Tunasisitiza watumike walioanguliwa maabara, tarehe ikiwa imeandikwa, kwa maji ya nyuzi 13 hadi 15 za Selsiasi, kwani joto hufupisha maisha yao.

Kisha dozi za D-aspateti ziongezwe hatua kwa hatua. Mkondo wa juu kabisa ukishuka huku dozi ya kufikia nusu yake ikibaki ileile, yaelekea vipokezi vinavyofanya kazi vimepungua. Dozi hiyo ya nusu ikipanda, usikivu wa vipokezi ndio uliodhoofu. Dozi moja haiwezi kutenganisha hayo mawili.

Kwa sababu hiyo tunaomba utusaidie kupata mtambo wa kupoza maji na kipaza-umeme kinachosoma kapasitansi.

Tunaomba kuwasilisha.