Hesabu ya ughaibuni ianzie kwenye deni

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako. Kila zinapojadiliwa fedha za walio ughaibuni, hesabu huanzia siku pesa inapofika nyumbani. Ingefaa ianzie siku mkopo wa safari ulipochukuliwa.

Tuseme kaya imekopa dola 1,000 za nauli, viza, vipimo vya afya na ada ya wakala, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Aliyesafiri akituma dola 100 kila mwisho wa mwezi, mwezi wa kwanza dola 50 zinamezwa na riba, na deni linakwisha mwezi wa 15. Akikaa miezi 2 ya mwanzo bila mshahara, jambo la kawaida sana, linakwisha mwezi wa 19. Kachelewa miezi 2, kaongezewa 4. Muda wote huo kaya haijanunua hata mfuko wa mbolea kwa pesa hiyo, ingawa majirani wanaiita tajiri.

Shambani nako kumepungua mtu, mara nyingi yule mwenye nguvu. Pengo lake linauma zaidi wakati wa kupanda na palizi ya kwanza, vibarua wakiwa ghali na ghala likiwa tupu. Mazao yakishasongwa na magugu yangali machanga, palizi ya baadaye hairudishi mavuno yaliyopotea. Dola 60 zikiwahi palizi zina faida kuliko 100 za sikukuu.

Kwenye kutuma kuna makato mawili, moja limejificha. Ada ya dola 5 kwa dola 200 ni asilimia 2.5, nafuu kuliko lengo la Umoja wa Mataifa la chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Lakini anayetuma akipunjwa asilimia 3 kwenye kiwango cha kubadilishia fedha, makato yamepita asilimia 5. Badala ya kuuliza ada, uliza mpokeaji atashika kiasi gani mkononi.

Dawa ya deni tunaiona kwenye vyama vya kuweka na kukopa, ambavyo vingi bado vinamwogopa msafiri. Vimkopeshe dola hizo 1,000 kwa asilimia 1.5 kwa mwezi, riba ikikokotolewa kwenye salio, na marejesho ya dola 100 yaanze mwezi wa 4. Hata kwa kumsubiri miezi 3, deni linakwisha mwezi uleule wa 15.